Mission Raniganj: yaliyotokea kweli chini ya ardhi, na yale ambayo filamu haikuyagusa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Juzi nimeangalia Mission Raniganj ya Akshay Kumar, ile iliyotafsiriwa. Wanasema ni kisa cha kweli. Je, ni kweli watu 65 walitolewa mmoja mmoja kwa lile pipa la chuma? Kilichonichanganya zaidi ni hiki: wale watu walikuwa wamezingirwa na maji. Sasa walipotoboa tundu kutoka juu, kwa nini maji hayakupanda yakawamaliza? Kaka zangu wawili ni wachimbaji wadogo huku Kahama, kwa hiyo sikuiangalia kama sinema tu. Yakiwakuta wao, inawezekana kuwatoa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La kwanza ni jepesi: ndiyo, ni kweli. Watu 65, mmoja mmoja, kwa chuma kile.

Mgodi unaitwa Mahabir, ni wa makaa ya mawe, uko Raniganj katika jimbo la West Bengal, India. Ulikuwa chini ya Eastern Coalfields, kampuni tanzu ya Coal India, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya serikali. Novemba 13, 1989, zamu ya usiku ikiwa chini na watu zaidi ya mia mbili, baruti ililipuliwa kuangusha makaa kama kawaida. Safari hii ukuta uliotenganisha kazi yao na machimbo ya zamani yaliyojaa maji uliachia. Waliokuwa karibu na lifti waliwahi kupandishwa. Watu 71 hawakuwahi. Sita walikufa maji. Wengine 65 walikimbilia sehemu ya mgodi iliyoinuka, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, wakakaa humo gizani huku maji yakiwasogelea. Kazi ya kuwatoa ilianza usiku wa kuamkia Novemba 16, na asubuhi kulipokucha wote 65 walikuwa juu.

Jaswant Singh Gill, yule mhandisi mwokoaji anayeigizwa na Akshay Kumar, naye ni mtu wa kweli. Alikuwa Kalasinga wa Amritsar, Punjab, aliyehitimu uhandisi wa migodi katika mji wa Dhanbad mwaka 1965, na wakati wa ajali alikuwa mhandisi wa ngazi ya juu katika kampuni hiyo. Mwaka 1991 alipewa nishani ya Sarvottam Jeevan Raksha Padak, ambayo India huwapa raia waliohatarisha maisha yao kuokoa wengine. Alifariki Novemba 2019. Filamu ya Tinu Suresh Desai ilitoka Oktoba 2023, kwa hiyo hakuwahi kuiona.

Chumvi imewekwa wapi? Zaidi kwenye watu. Filamu ikiwa na steringi lazima iwe na adui, na maji peke yake hayana sura ya kuchukiwa, ndiyo maana ukaona mhandisi mwenzake mwenye kijicho anayemkwamisha kila hatua. Sina ugomvi mkubwa na hilo, ni kazi ya sinema. Kinachoniuma ni kwamba fitina zile zimekula muda ambao ungetumika kumwonyesha mpimaji wa mgodi akiinamia ramani, wachorongaji waliokesha kwenye mtambo, na mafundi wa kuchomelea walioliunda lile pipa. Bila hao, ushujaa wa Gill ungebaki juu ya ardhi.

Sasa nije kwenye swali lako la maji, maana umeuliza jambo ambalo wengi wanaotoka kuangalia filamu hii hawaliulizi.

Chukua glasi, ifudikize, uizamishe wimawima kwenye ndoo ya maji. Maji yanaingia kidogo kwenye mdomo wa glasi, kisha yanagoma. Hewa iliyonaswa ndani inayazuia. Ndivyo inavyokuwa kwenye mgodi uliofurika ikiwa sehemu iliyoinuka haina njia nyingine ya kupumulia: maji yanapanda, hewa inabanwa, mpaka nguvu ya hewa ilingane na uzito wa maji. Maji yakiwa yamesimama mita 20 juu ya usawa wa watu, hewa wanayovuta itakuwa imebanwa karibu mara tatu ya hii tunayovuta wewe na mimi, na nafasi yake itakuwa imesinyaa hadi theluthi. Wako hai kwa sababu ya hewa hiyo iliyobanwa. Ukishusha kekee juu ya vichwa vyao bila tahadhari, hewa itatoka ikipiga mluzi na maji yatapanda kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo wasiwasi wako ni sahihi kabisa. Tundu la uokoaji likitobolewa vibaya linaua.

Waokoaji wana njia za kulizuia hilo. Ya kwanza ni kupunguza maji kwanza kwa pampu, ili hewa iliyobanwa ilegee kabla hujatoboa tundu kubwa. Ya pili ni kutoboa tundu jembamba, kuliziba pembeni, na kusukuma hewa kwa kompresa kwenda chini, ili watu wapate hewa na wakati huohuo maji yasukumwe nyuma. Ya tatu ni kuweka chumba chenye milango miwili kwenye mdomo wa tundu, hewa isitoke hovyo mlango ukifunguliwa. Mfano ninaopenda kuwapa vijana ni wa Quecreek, Pennsylvania, Marekani, Julai 2002. Wachimbaji tisa wa makaa walitoboa mgodi wa zamani uliojaa maji, wakanaswa kiasi cha mita 73 chini. Waokoaji walichoronga tundu la inchi sita na kuanza kusukuma hewa ya moto iliyobanwa. Hewa ile iliwasaidia kupumua, ikawapunguzia baridi, na ikayazuia maji. Walipoanza tundu la inchi 30 la kuwatolea, kekee ilikatikia ndani kwenye kiasi cha mita 30, ikabidi vitafutwe vifaa vya kuing'oa, saa zikapotea. Muda wote huo pampu hazikuzimwa. Baada ya saa 77 hivi chini ya ardhi, wote tisa walitoka wazima. Nao walitengenezewa filamu ya televisheni mwaka huohuo.

Mahabir pia kazi ilikwenda kwa mpangilio huo wa tundu jembamba kwanza. Kupitia matundu madogo waliokuwa chini walipelekewa maji ya kunywa na chakula, na waliokuwa juu walipata hakika kwamba kuna watu hai. Hakika hiyo ina thamani kuliko unavyofikiri, maana bila hiyo mkuu wa kazi hathubutu kuelekeza kila mtambo alionao sehemu moja.

Kuhusu hewa, nikupigie hesabu ndogo uone kwa nini siku tatu ni nyingi. Mtu aliyetulia anatumia kiasi cha robo hadi theluthi ya lita ya oksijeni kwa dakika. Watu 65 kwa saa 72 watamaliza karibu mita za ujazo 80 za oksijeni tupu. Lakini huwezi kuitumia oksijeni yote iliyomo hewani. Ikishuka kutoka asilimia 21 hadi 16 hivi, kichwa kinaanza kuzunguka na akili inapotea. Kwa hiyo watu wale walihitaji hewa isiyopungua mita za ujazo 1,600, na hapo sijaweka hewa chafu wanayoitoa, ambayo aghalabu huanza kuwalemea kabla oksijeni haijaisha. Makaa yenyewe nayo yananyonya oksijeni hata yakiwa yametulia ukutani. Humohumo kuna gesi ya methani, ambayo ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche moja. Ndiyo sababu kwenye mgodi wa makaa kuchoronga juu ya watu si suala la kuwahi tu. Kekee ikipenya darini ikiwa ya moto, mahali penye methani, unaweza kuwaua uliokuja kuwaokoa.

Halafu kuna shabaha, na hapa filamu imepita haraka mno kwa maoni yangu. Migodi ya makaa ya aina ile huchimbwa kwa njia na nguzo: unachimba njia zinazokatana, unaacha nguzo nene za makaa kubeba dari. Sheria za India zinataka njia isizidi mita 4.8 kwa upana. Tuseme ina mita nne. Uko juu ya ardhi, kwenye shamba la mtu, unatakiwa utoboe tundu litakalotokea katikati ya njia hiyo mita 100 chini yako. Kekee ikipinda nyuzi moja tu, ikifika chini itakuwa imehama mita 1.75, na tundu la inchi 22 litakuwa limegusa ukuta wa njia. Ikipinda mbili, imeingia kwenye nguzo na umepoteza siku nzima. Miamba haifanani ugumu, na kekee ina tabia ya kufuata sehemu laini. Mchorongaji anayeishusha sawasawa ni fundi wa hali ya juu, na ningetamani watazamaji wangetoka ukumbini wakimkumbuka na yeye.

Pipa lenyewe halikuzaliwa Raniganj, ingawa ukiangalia filamu unaweza kudhani hivyo. Asili yake ni mgodi wa makaa wa Dahlbusch, Gelsenkirchen, Ujerumani, Mei 1955. Wachimbaji watatu walinaswa, na mhandisi Eberhard Au akaunda chuma chembamba chenye umbo la bomu, urefu wa mita 2.5 na kipenyo cha sentimita 38.5 tu. Pima mabega yako uone: mtu anaingia amenyoosha mikono juu. Wote watatu walitoka. Mwaka 1963 chuma cha namna hiyohiyo kiliwatoa watu 11 katika mgodi wa chuma wa Lengede baada ya wiki mbili chini, wakati familia zao zilikwishaanza kuomboleza. Mwaka 2010 dunia nzima iliangalia wachimbaji 33 wakipandishwa Chile kwa mtindo huo, na safari hiyo tundu lilikuwa na kina cha zaidi ya mita 600. Alichofanya Gill ni kuushika utaratibu huo uliokuwa haujawahi kujaribiwa kwao, akalichora pipa, akasimamia likaundwa kwa vifaa vilivyopatikana karibu, akawashawishi wakubwa wenye mashaka.

Akashuka mwenyewe. Hapa filamu haikuongeza chochote, mdogo wangu. Mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye cheo, mwenye familia, aliingia kwenye chuma kipya ambacho hakikuwa kimewahi kumshusha mtu, akateremshwa kwa waya hadi kwenye maji na giza. Watu huuliza kwa nini asingetuma kijana. Fikiria hali ya kule chini: watu 65 wamekaa siku tatu wakisubiri kufa, ghafla mlango mmoja wa kutokea umefunguka, na unaingia mtu mmoja tu kwa safari. Wakigombania mlango ule, waya ukajisokota au pipa likakwama njiani, hakuna atakayetoka tena. Pale chini lazima awepo mtu ambaye sauti yake wanaifuata bila kubishana. Gill alipanga waliodhoofika na kuumia watangulie. Kila mmoja alisimamishwa sawasawa ndani ya pipa, mikono ikakaa vizuri isikwaruzwe na ukuta wa tundu, mlango ukafungwa, ishara ikapelekwa juu, winchi ikavuta. Kazi ilichukua kiasi cha saa sita. Gawanya mwenyewe: dakika tano na nusu kwa kila mtu, kushuka na kupanda pamoja. Kasi hiyo haipatikani penye vurugu. Yeye alipanda mwisho.

Sasa nikwambie kile ambacho filamu haikukigusa inavyostahili, na ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa chote: maji yale yalikuwa pale siku zote. Raniganj ndiko uchimbaji wa makaa ulikoanzia India, mwaka 1774. Kufikia 1989 ardhi ile ilikuwa imetobolewa kwa zaidi ya miaka mia mbili, na serikali, wachimbaji binafsi na kampuni zilizokwishakufa. Mashimo yaliyoachwa yanajaa maji, na ramani za zamani zinapotea, au zilichorwa vibaya, au mchimbaji wa mwisho alikula makaa kidogo zaidi ya alipopaswa kuishia na hakuandika. Quecreek ilikuwa hivyohivyo: ramani waliyopewa ilionyesha mgodi wa zamani uko mbali, kumbe uko jirani. Sheria za India zilikwishakuwa na kanuni kwamba ukikaribia machimbo ya zamani ndani ya mita 60, hapana kuendelea bila kibali na bila kutanguliza matundu marefu membamba ya kupima kilichoko mbele. Kanuni za namna hii ziliandikwa kwa damu. Desemba 27, 1975, mgodi wa Chasnala karibu na Dhanbad ulifurikwa kwa namna hiyohiyo na zaidi ya watu 370 walikufa. Wazee wetu wa mwambao walioangalia filamu ya Kaala Patthar ya Amitabh Bachchan mwaka 1979 na baada yake walikuwa wakiangalia kivuli cha Chasnala. Na baada ya sherehe zote za Mahabir, Septemba 1995, mgodi wa Gaslitand, Dhanbad, ulivamiwa na maji ya mto na watu 64 wakafa. Pipa la Gill lisingewafaa kitu.

Naomba ulishike hilo ukiongea na kaka zako. Pipa ni hatua ya mwisho, tena inawezekana tu pale ambapo watu wa juu wanajua kwa hakika waliokuwa chini ni wangapi na wako upande gani. Mahabir walikuwa na ramani ya mgodi wao wenyewe, ndiyo maana waliweza kulenga. Maduara mengi ya huko kwenu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, hayana hata mchoro wa penseli.

Umeuliza kama inawezekana kuwatoa. Wewe wa Kahama unaikumbuka Nyangalata. Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa pale. Watano walitolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Wengi walikwishakata tamaa nao. Hakukuwa na mtambo wa kuchoronga wala pipa. Wachimbaji wenzao ndio waliowasikia na kuwafikia. Na usidharau mikono ya mchimbaji mdogo. Novemba 12, 2023, mwezi mmoja tu baada ya filamu hii kutoka, handaki la barabara la Silkyara, Uttarakhand, liliporomoka na kufungia watu 41 ndani. Mashine kubwa ya kutoboa kifusi ilivunjika ikiwa imebakiza mita chache. Waliomalizia ni wachimbaji wa kutambaa kwenye matundu membamba, na uchimbaji wa makaa kwa njia hiyo ulikwishapigwa marufuku nchini humo kwa hatari zake. Waliingia ndani ya bomba kwa zamu, na vifaa vya mkono na toroli ndogo, na siku ya 17 wote 41 wakatoka.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Lakini ningependa zaidi wasifike huko, na kuna mambo ambayo hayahitaji mtaji mkubwa. Kaka zako wachore njia zao kila wiki: urefu kwa futi kamba, mwelekeo kwa dira hata ya simu kabla ya kushuka, kina cha kila ngazi. Karatasi ibaki juu kwa mtu anayeaminika, si mfukoni mwa mchimbaji. Wawaulize wazee wa machimbo ni maduara gani yaliachwa upande wanaoelekea, na yapi yalijaa masika. Maji ya machimbo ya zamani yana dalili zake. Ukuta uliokuwa mkavu unaanza kutoa jasho na kuwa baridi. Matone yanageuka kuwa na rangi ya kutu. Kunakuja harufu ya yai viza. Ukigonga mwamba kwa nyundo, mlio unakuwa wa kitu kilicho tupu nyuma. Mojawapo ya hayo ikitokea, hapana kulipua baruti. Watoke, wamwite mkaguzi wa Tume ya Madini, na kabla ya kurudi kazini litobolewe tundu jembamba la mbele kwanza, angalau mita kadhaa zaidi ya urefu unaochimbwa na mlipuko mmoja. Tundu jembamba likikutana na maji unaweza kuliziba kwa kigingi. Ukuta mzima ukiachia huna cha kuzibia.

Jambo la mwisho ni daftari mdomoni mwa duara. Kila anayeshuka ajiandike jina, saa, na njia anayokwenda, na kila anayepanda afute. Kesho ukienda kuwaona, waombe wakuonyeshe daftari hilo. Kama hawana, wanunulie.